Kuunganisha pleya ya mfukoni na steriyo kubwa ya nyumbani

Wenye steriyo nzuri wengi huidharau pleya ya mfukoni. Wanaiona ni kitu cha safarini tu. Wakifika nyumbani wanaiweka kando na kurudi kwenye CD au santuri. Mimi muziki wangu karibu wote unatoka kwenye pleya inayoenea kiganjani, unaingia kwenye amplifaya ya vipande viwili, priampu inayochagua chanzo na kudhibiti sauti, na pawa inayosukuma spika, na unaishia kwenye spika za kusimama sakafuni. Sijaona ninachokosa. Lakini naelewa kwa nini wengine hujaribu mara moja na kukata tamaa: wanachukua waya wowote, wanachomeka kwenye tundu la kwanza wanaloliona, sauti inatoka nyembamba au inavuma, na lawama zote zinaiangukia pleya. Mara nyingi pleya haina kosa. Tatizo ni tundu sauti ilikotolewa, tundu ilikoingizwa, na kiwango kilichowekwa kati ya hayo mawili. Haya yakikaa sawa, waya wa kawaida tu unatosha kukufurahisha.

Kabla ya waya, angalia faili zako. Hedifoni ndogo husamehe mengi, spika kubwa hazisamehi. CD hubeba biti 1,411,000 hivi kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 imetupa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za hizo, na kwenye steriyo nzuri utazisikia zilizotupwa: matoazi yanachuruzika kama maji badala ya kulia kama shaba, na makofi ya wasikilizaji kwenye rekodi ya jukwaani yanakuwa kelele moja isiyo na watu ndani yake. MP3 ya 320 ni habari nyingine, na kuitofautisha na CD si kazi rahisi hata kwa sikio lililozoea. Kama nafasi ipo, weka FLAC au ALAC, ambazo hubana faili bila kutupa chochote. Usipoteze muda kugeuza MP3 za zamani kuwa FLAC. Kilichokwisha kutupwa hakirudi, faili linanenepa tu.

Sauti itoke wapi

Geuza pleya yako uitazame vizuri. Karibu kila moja ina tundu la milimita 3.5 la hedifoni. Baadhi zina tundu la pili lililoandikwa LINE OUT, au lile lile moja linabadilishwa kazi kupitia menyu. Kama LINE OUT ipo, tumia hiyo. Hapo sauti inatoka kwa kiwango kimoja kisichobadilika, bila kujali kitufe cha sauti cha pleya kiko wapi, na udhibiti wote unabaki kwa amplifaya yako, ambayo ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Wenye iPod za zamani wana bahati ambayo wengi hawaijui. Tangu mwaka 2003, iPod zilipoanza kuwa na ule mdomo mpana wa pini 30 chini, baadhi ya pini hizo zilikuwa zinatoa sauti ya laini moja kwa moja, bila kupitia amplifaya ndogo ya hedifoni. Waya wa pini 30 kwenda RCA (zile plagi mbili za mviringo, nyekundu na nyeupe, zinazoingia nyuma ya amplifaya), au kile kiti cha kusimamishia iPod chenye tundu la laini nyuma, ndiyo njia nzuri kuliko ya kuchomeka juu kwenye hedifoni. Mdomo mdogo wa Lightning ulipokuja mwaka 2012 mambo yalibadilika: wenyewe hautoi sauti ya analogia, yaani mawimbi ya umeme yanayofuata muziki, bali namba tu. Kile kiunganishi kifupi cha kwenda kwenye tundu la 3.5 kina kigeuzi chake ndani, yaani kile kifaa kidogo ndicho kinachogeuza namba kuwa sauti. Kwa hiyo ubora unaousikia ni wa kiunganishi, si wa pleya.

Kama huna kingine zaidi ya tundu la hedifoni, usisononeke. Kuna imani kwamba tundu hilo ni takataka na halifai steriyo ya maana. Si kweli, na fizikia inaeleza kwa nini. Hedifoni ni mzigo mzito kwa pleya: ohm (kipimo cha ukinzani; ukiwa mdogo umeme mwingi huvutwa) 16 au 32 tu, kwa hiyo amplifaya yake ndogo inatoka jasho kuisukuma. Tundu la kuingilia la steriyo yako lina ohm 10,000 hadi 50,000 hivi. Hapo pleya haisukumi karibu chochote, na upotoshaji wa sauti hushuka.

Besi nayo hunufaika. Pleya nyingi za zamani zilikuwa na kapasita, kipande kidogo kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja, kwenye njia ya hedifoni. Chukua kapasita ya mikrofaradi 220: ikikutana na hedifoni ya ohm 16, inaanza kukata besi kuanzia karibu Hz 45 (mitetemo 45 kwa sekunde) kushuka chini. Kapasita ile ile ikikutana na tundu la ohm 10,000, mkato unashuka hadi chini ya Hz 0.1, mbali kabisa na chochote ambacho sikio linaweza kukisikia au spika kukitoa. Ndiyo maana pleya iliyokuwa ikisikika haina tumbo kwenye hedifoni inaweza kukushangaza siku unapoichomeka kwenye amplifaya kubwa.

Tahadhari moja kwa wenye pleya za kisasa za gharama. Tundu la milimita 4.4, au lile dogo la 2.5, ni la sauti ya mizani, ambapo kila upande una chanya yake na hasi yake, na ile hasi si ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudia umeme. Nayo imebeba sauti iliyopinduliwa. Usinunue wala usitengeneze waya unaolipeleka tundu hilo kwenye RCA kwa kuziunganisha hasi mbili pamoja. Unakuwa umezifunga njia mbili za amplifaya ya pleya zenyewe kwa zenyewe na kwenye ardhi, na unaweza kuiua. Tundu la 4.4 liende kwenye XLR mbili (plagi kubwa za mviringo zenye pini tatu), na iwe amplifaya yako ina XLR za kweli. Kama haina, rudi kwenye tundu la 3.5 kwa amani.

Iingie wapi

Nyuma ya amplifaya kubwa kuna matundu mengi, na yapo ambayo ni hatari. AUX, CD, TUNER, LINE: haya kwa kawaida ni sawa. Majina tofauti, umeme ule ule. Usidhani CD ina siri inayoifanya iwe bora kuliko AUX. Chagua lililo wazi na ambalo utalikumbuka.

PHONO usiiguse. Tundu hilo limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya santuri, inayotoa milivolti tano hivi. Hukuza sauti mara mia moja au zaidi, halafu linainyanyua besi na kuishusha trebo kufuata kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, iliyowekwa mwaka 1954: karibu na Hz 20 inapanda takriban desibeli 20, karibu na Hz 20,000 inashuka kiasi hicho hicho, ukilinganisha na katikati. Pleya yako inatoa nusu volti hadi volti moja. Ukiichomeka hapo utapata mngurumo mzito uliojaa mkwaruzo, na kama kitufe kilikuwa juu, spika zako zitalipa.

Matundu ya REC OUT au TAPE OUT ni ya kutoa, hayaingizi. Ukichomeka huko utakaa kimya ukijiuliza. Lakini linaloniogopesha zaidi kwenye mitambo mikubwa ni tundu lililoandikwa HT BYPASS, au MAIN IN, au tundu la pawa yenyewe. Hilo linaruka kitufe cha sauti. Chochote kinachoingia kinakwenda kwenye spika kwa nguvu zote za pawa. Kuna watu hulitumia makusudi, wakidhibiti sauti kwa pleya, wakiamini njia fupi ni safi zaidi. Sikushauri. Pleya ikijizima na kujiwasha, au mtoto akibonyeza kitufe pembeni, hakuna kitu kinachosimama kati ya muziki huo na spika ulizoziwekea akiba kwa muda mrefu.

Waya

Unachohitaji ni waya wenye plagi ya stereo ya 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande mwingine. Nyekundu ni kulia. Nyeupe, au nyeusi, ni kushoto. Uwe mfupi kadiri nafasi inavyoruhusu, lakini usiwe mfupi kiasi cha kuivuta pleya; mita moja na nusu hivi hutosha wengi. Taka vitu viwili tu: ngao nzuri ya kuzuia mivumo, na plagi imara. Nyaya za bei kubwa mno siziungi mkono kwa kazi hii. Fedha hiyo ingefanya mengi zaidi mahali pengine, na mahali penyewe nitapataja.

Plagi ndiyo ya kuitazama kwa makini, kwa sababu matatizo mengi ya ajabu yanazaliwa hapo. Ishike mkononi uiangalie: ina ncha, kisha pete, kisha shina, vikitenganishwa na mistari miwili myeusi. Ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi ya zote mbili. Sasa tuseme pleya yako imevalishwa kava nene, na shingo ya plagi ni pana kuliko kitobo cha kava. Plagi inaingia karibu yote, lakini haifiki mwisho. Unasikia muziki, kwa hiyo unaamini kila kitu kiko sawa. Ila mwimbaji hayupo. Gitaa liko mbali, mwangwi unaelea pembeni, besi imekwisha, na sauti ya mtu aliyekuwa akiimba katikati imetoweka kana kwamba alitoka chumbani.

Kilichotokea ni kwamba shina halijagusana na ardhi. Umeme wa kushoto na wa kulia, ukikosa njia ya kurudia, unarudia mmoja kupitia kwa mwingine, na spika zinapata tofauti tu kati ya pande mbili. Kila kilichorekodiwa sawasawa pande zote, yaani mwimbaji, besi, ngoma kubwa, kinajifuta chenyewe. Vua kava, sukuma plagi mpaka usikie na uhisi inabofya, na mwimbaji atarudi. Mara kadhaa nimeitwa kutazama steriyo "iliyoharibika" na dawa ikawa hiyo tu. Kama upande mmoja ndio unaokatika ukigusa waya, tazama uchafu: nyuzi za mfukoni hujazana ndani ya tundu la pleya. Izime, zitoe kwa kijiti kikavu cha mbao, si kwa sindano.

Namna ya kuunganisha na kupanga kiwango

Teremsha kitufe cha amplifaya hadi chini, au bora zaidi izime kabisa. Plagi ya 3.5 inapoingia hugusanisha njia zisizotakiwa kwa kitambo kidogo, na spika zilizo wazi hupiga mshindo. Unganisha RCA kwanza, kisha plagi ya pleya, kisha washa priampu, na pawa iwe ya mwisho. Ukizima, pawa iwe ya kwanza.

Sasa ingia kwenye menyu ya pleya na uzime kila kinachopamba: ikwalaiza, kinyanyua besi, sauti ya mzunguko. Mapambo hayo yalitengenezwa kufidia udogo wa hedifoni. Kwenye spika kubwa huwa ni uharibifu, na yana hila nyingine: ukinyanyua besi kwa desibeli 6 ndani ya pleya, wimbo uliorekodiwa tayari kwa nguvu zote unakosa nafasi ya juu, vilele vya sauti vinakatwa, na mkwaruzo unaousikia hauondoki hata ukiteremsha amplifaya. Kusawazisha nguvu za nyimbo, kile kinachoitwa ReplayGain au Sound Check, unaweza kukiacha; hicho kwa kawaida hushusha zaidi kuliko kupandisha. Kiweke kwa albamu nzima, si kwa wimbo mmoja mmoja, ili wimbo wa pole ubaki wa pole kama msanii alivyotaka.

Kama unatumia LINE OUT, kiwango kimeshapangwa. Kama unatumia tundu la hedifoni, panga hivi. Chagua rekodi ngumu yenye piano au sauti ya mwanamke inayopanda juu, kwa sababu hizo hufichua mkwaruzo mapema kuliko ngoma. Amplifaya iwe chini, kwa sauti ya mazungumzo. Pandisha pleya taratibu hadi juu, huku ukishusha amplifaya kufidia. Pleya nyingine husafiri mpaka mwisho bila shida. Nyingine, karibu na mwisho, noti za juu zinaanza kuwa na ukali, kama kingo zimechongoka. Ukilisikia hilo, rudi nyuma vituo viwili au vitatu, na hapo ndipo pleya itakaa siku zote. Tangu hapo gusa amplifaya tu.

Kwa nini usiiache pleya katikati? Kwa sababu pleya ikitoa sauti ndogo, utalazimika kuifungua amplifaya sana, na pamoja na muziki utakuza mvumo wa pleya yenyewe, ule "shhh" unaosikika kati ya nyimbo. Muziki uondoke kwenye pleya ukiwa na nguvu.

Kuna pleya zenye kizuizi cha sauti kwa ajili ya kulinda masikio. Kiondoe ukiwa kwenye steriyo, na tafadhali kirudishe kabla hujavaa hedifoni. Pleya iliyoachwa juu kabisa kwa ajili ya amplifaya ikichomekwa hedifoni itakuumiza. Mimi huishusha kila ninapochomoa waya, kabla ya jambo lingine lolote.

Jambo la kuzoea ni hili: CD hutoa hadi volti 2, pleya yako volti moja au pungufu. Tofauti ya mara mbili ni desibeli 6, kwa hiyo kitufe cha amplifaya kitakaa juu kidogo kuliko ulivyozoea. Hakuna ubaya, amplifaya nyingi hufikia nguvu zake zote kwa volti 0.2 hadi 0.5. Hatari iko pale unapobadilisha kurudi CD bila kushusha kwanza.

Ikivuma

Cheza muziki kwa betri, bila chaja. Ukimya ukiwa safi, chomeka chaja. Mvumo ukianza, umeshampata mhalifu. Mngurumo mzito wa Hz 50 au 60 ni mzunguko wa ardhi: amplifaya ina njia yake ya kwenda ardhini, chaja au kompyuta inayochaji ina yake, na waya wako wa sauti umekuwa daraja kati ya hizo mbili. Mlio mwembamba unaobadilika pleya inaposoma faili ni uchafu wa chaja yenyewe. Dawa ya kwanza ni ya bure: chaji wakati husikilizi. Ya pili ni kubadilisha chaja. Ya tatu ni kisanduku cha transfoma za kutenganisha kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Kinafanya kazi, ila cha bei ya chini huipunguza besi ya chini kabisa, kwa hiyo nakiweka mwisho. Kukata pini ya ardhi ya amplifaya usikufikirie hata kidogo. Pini hiyo iko pale kwa ajili ya uhai wako.

Ukitumia simu badala ya pleya, iweke kwenye hali ya ndege. Ule mtutumo wa "di-di-di" unaotangulia simu kuita unaingia kwa urahisi kwenye waya, na spika kubwa huutoa kwa ukubwa wake wote.

Njia ya dijitali

Hapa ndipo nilipotaka fedha ya waya wa bei iende. Badala ya kuchukua sauti iliyokwisha kugeuzwa na pleya, chukua namba zenyewe, uzipeleke kwenye kigeuzi cha nje, yaani DAC, na kigeuzi ndicho kiingie kwenye AUX. Wapenzi wa steriyo za juu waliamka mapema: mwaka 2008 kampuni ya Wadia ilitoa kiti cha iPod kilichochukua data ya dijitali na kuiacha njia yote ya analogia ya iPod kando. Leo amplifaya nyingi zina DAC ndani tayari. Tafuta tundu la USB nyuma, au la optiki (linalopitisha namba kwa mwanga), au RCA moja peke yake iliyoandikwa COAX.

Pleya nyingi za Android na karibu simu zote za leo hutoa sauti kwa USB. Unahitaji kiunganishi cha OTG, kinachoiwezesha pleya kuongoza kifaa kingine cha USB, kama mdomo si USB-C pande zote. DAC iwe na umeme wake, la sivyo inanyonya betri ya pleya na jioni inakatika katikati ya wimbo. Chunguza pia kama kioo cha DAC kinaonyesha kilohezi 44.1 (sampuli za sauti 44,100 kwa sekunde) unapocheza faili la CD. Kikionyesha 48 kwa kila kitu, mfumo wa Android unazibadilisha namba njiani. Tumia programu ya muziki inayozungumza na USB moja kwa moja, nyingi zina kipengele hicho kwenye mipangilio. Baadhi ya pleya zina optiki iliyofichwa ndani ya tundu lile lile la 3.5, na mwanga mwekundu ndani ya tundu ndio utakaokuambia. Hapo unahitaji plagi ndogo ya optiki, si ile ya mraba.

Bluetooth naitumia wageni wanapotaka kucheza nyimbo zao, na kwa hilo inafaa sana. LDAC, iliyo ya juu kati ya njia za kawaida za kubana sauti kwa Bluetooth, hufika kilobiti 990 kwa sekunde mambo yakienda vizuri, bado chini ya CD. SBC, ile njia ya msingi, iko chini zaidi. Kwa kusikiliza kwa kukaa na kutulia, waya.

Pleya ikiwa sasa inaishi kwenye rafu ya steriyo, usiiache imechomekwa chaja mwezi mzima. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikikaa imejaa kabisa na joto la amplifaya chini yake, kwa hiyo iweke pembeni ya amplifaya, kamwe isiwe juu ya matundu yake ya hewa, na iache ishuke hadi kama nusu kati ya chaji na chaji. Ukiona kioo au mgongo wa pleya umeanza kutuna, acha kuichaji siku hiyo hiyo na umpelekee fundi aibadilishe betri kabla hujaiwasha tena.